Ignaz Semmelweis, mganga aliyewaomba wenzake wanawe mikono, akafa kwa mikrobi zilizoingia katika damu

Tarehe 13 mwezi wa nane mwaka wa 1865, mwanaume mmoja wa miaka 47 alifariki katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Vienna, mji mkuu wa Austria. Alikuwa amefungiwa humo majuma mawili tu. Akili yake ilikuwa imesumbuka, lakini si hiyo iliyomuua. Kidonda kwenye mkono wake wa kuume kilioza, mikrobi zikaingia katika damu na kusambaa mwilini mzima.

Jina lake ni Ignaz Semmelweis, mganga wa wamama wajawazito. Kwa miaka 18 alikuwa amepigana na kifo cha aina hiyo hiyo, kile ambacho mgonjwa anakipata ndani ya hospitali, mahali alipokuja kutafuta uzima. Alionyesha kwa hesabu kwamba mikono ya waganga wenyewe ndiyo ilikuwa ikibeba kifo hicho. Wengi kati ya wenzake hawakumsikiliza.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, harufu ya klori haitushangazi tena. Wakati wa Ebola ya mwaka wa 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ndoo za maji ya klori ziliwekwa kwenye milango ya hospitali, makanisa, masoko na ofisi. Unga mweupe uliotiwa ndani ya ndoo hizo ni wa jamii moja na ule ambao Semmelweis aliweka kwenye mlango wa materniti yake mwaka wa 1847.

Mtoto wa mwenye duka

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 1818 katika mtaa wa Tabán, mjini Buda, nchini Hungaria. Wakati huo Hungaria ilikuwa chini ya ufalme wa Austria, na mji wa Buda ulikuwa bado haujaunganishwa na Pest ili kuwa Budapest ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la vyakula na viungo, na biashara ilikuwa inaenda vizuri. Ignaz alikuwa mtoto wa tano kati ya kumi. Nyumbani walizungumza Kijerumani.

Mwaka wa 1837 alitumwa Vienna kusomea sheria. Hakukaa muda mrefu katika masomo hayo. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kuhamia udaktari, na mwaka wa 1844 akapata shahada yake.

Vienna wakati huo ilikuwa kati ya miji yenye sifa kubwa zaidi duniani kwa udaktari. Profesa Karl von Rokitansky alikuwa akifundisha kwamba mganga anayetaka kujua ugonjwa ni lazima apasue maiti na kuona kwa macho yake ugonjwa umeharibu nini ndani. Maelfu ya maiti zilipasuliwa katika hospitali kuu ya mji. Semmelweis alipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Alifundishwa pia na Josef Skoda, bingwa wa magonjwa ya kifua, na Ferdinand von Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi, ambao baadaye walimtetea.

Mwezi wa saba mwaka wa 1846, alipewa kazi ya msaidizi wa Profesa Johann Klein, mkubwa wa Kliniki ya Kwanza ya uzazi katika hospitali hiyo kuu. Kazi yake ilikuwa kupima wagonjwa kila asubuhi kabla profesa hajafika, kusimamia uzazi mgumu na kufundisha wanafunzi. Alikuwa na miaka 28.

Milango miwili ya materniti moja

Materniti ya Vienna ilikuwa kubwa, na ilipokea hasa wamama maskini, wengi wao bila mume. Walitunzwa bila kulipa, na mtoto angeweza kupokelewa katika nyumba ya watoto wa kutupwa. Kwa upande wao, walikubali wanafunzi wajifunze kazi kupitia miili yao.

Kulikuwa na kliniki mbili chini ya paa moja. Tangu mwaka wa 1840, Kliniki ya Kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari, wote wanaume, na Kliniki ya Pili ikawa ya wanawake wanaosomea ukunga. Wamama hawakuchagua mlango. Siku moja wote waliofika walipelekwa Kliniki ya Kwanza, siku nyingine Kliniki ya Pili, kwa zamu.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo la kutisha. Kati ya mwaka wa 1841 na 1846, Kliniki ya Kwanza ilipokea wamama 20 042, na 1989 kati yao wakafa. Ni karibu mmoja katika kila kumi. Katika muda ule ule, Kliniki ya Pili ilipokea wamama 17 791, wakafa 691, yaani hawafiki wanne kwa mia. Mwaka wa 1842 pekee, Kliniki ya Kwanza ilizika wamama 518.

Ugonjwa uliowaua uliitwa homa ya uzazi. Mama alijifungua vizuri, kiisha baada ya siku moja au mbili akaanza kutetemeka na kupata homa kali. Tumbo lilivimba na kuuma hata shuka likiligusa. Moyo ulipiga mbio, akili ikapotea, na ndani ya siku chache akawa amekufa. Mara nyingi mtoto alimfuata.

Leo tunajua kilichokuwa kikitokea. Pale kondo la nyuma linapobanduka, ndani ya tumbo la uzazi linabaki jeraha pana. Mikrobi zikifika hapo, mlango wa kuingia katika damu uko wazi.

Mjini watu walijua bila kusoma takwimu. Wamama walikuwa wakiuliza ni siku ya kliniki gani. Waliosikia kwamba ni zamu ya Kliniki ya Kwanza walipiga magoti na kulia wakiomba warudishwe. Wengine walijichelewesha njiani kwa makusudi mpaka wakajifungulia barabarani, kiisha wakaja hospitali na mtoto mikononi ili wasipoteze haki ya kutunzwa.

Kuhesabu nani anakufa na nani anapona

Waganga wakubwa wa wakati ule walikuwa na maelezo yao. Walisema hewa mbaya kutoka mbinguni au ardhini inashuka juu ya mji na kuleta homa. Wengine walisema ni msongamano, ni hofu ya wamama, au ni aibu ya kupimwa na wanaume.

Semmelweis alizichukua sababu hizo moja baada ya nyingine na kuzipima. Hewa ya Vienna ilikuwa moja kwa kliniki zote mbili, basi kwa nini iue zaidi upande mmoja? Msongamano ulikuwa mkubwa zaidi katika Kliniki ya Pili, kwa sababu wamama wote waliitaka hiyo. Chakula kilikuwa kimoja.

Alifika hata kwenye mambo madogo. Padri aliyepeleka sakramenti kwa mama anayekaribia kufa alipitia vyumba vya Kliniki ya Kwanza huku mtumishi akipiga kengele mbele yake. Ilisemwa kwamba sauti hiyo iliwatia wamama hofu ya kufa. Semmelweis alimwomba padri apite njia nyingine bila kengele. Vifo havikupungua. Akaona kwamba katika Kliniki ya Pili wamama wanazaa wakilalia ubavu, akaleta namna hiyo kwake pia. Hakuna kilichobadilika.

Alipokuwa akihesabu, aligundua mambo ambayo maelezo ya hewa mbaya hayakuweza kuyajibu. Wale waliojifungulia barabarani, kwenye baridi na uchafu, walipona zaidi kuliko wale waliozalia ndani ya Kliniki ya Kwanza. Mama ambaye mlango wa uzazi ulichukua siku moja au mbili kufunguka, alikuwa karibu hana tumaini la kuishi. Wagonjwa walianguka kwa mistari, kitanda baada ya kitanda, kana kwamba kitu fulani kilikuwa kinatembea kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na katika Kliniki ya Pili, uzazi mrefu haukuua kwa namna hiyo.

Kwa maneno ya leo, Semmelweis alikuwa anatafuta nini kinaongeza hatari ya kufa. Majibu yalikuwa mbele yake, yameandikwa katika daftari za hospitali: kadiri mama alivyokaa muda mrefu katika Kliniki ya Kwanza, na kadiri alivyopimwa mara nyingi, ndivyo kifo kilivyomkaribia. Lakini hakujua bado ni kwa nini.

Kisu cha mwanafunzi

Mwezi wa tatu mwaka wa 1847, akiwa amechoka, alikwenda Venice nchini Italia pamoja na rafiki zake kupumzika. Aliporudi Vienna tarehe 20, alikuta habari ya msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa udaktari wa sheria, alikuwa amefariki siku saba mbele. Alikuwa anasimamia kupasuliwa kwa maiti, mwanafunzi akamchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Mkono ulivimba, homa ikapanda, kiisha akafa.

Semmelweis aliomba karatasi za uchunguzi wa maiti ya rafiki yake. Alizisoma na kuona kitu ambacho hakikumtoka tena usiku na mchana. Usaha katika utando wa mapafu, wa moyo, wa tumbo na wa ubongo: ilikuwa sawasawa na yale aliyoyaona katika miili ya wamama waliokufa kwa homa ya uzazi. Kolletschka hakuwa mama mzazi. Hakuwa amelala katika Kliniki ya Kwanza. Lakini alikufa kwa ugonjwa ule ule.

Basi kisu kilikuwa kimeingiza ndani ya damu yake chembe kutoka kwenye maiti. Na wamama, ni kisu gani kilichowachoma? Jibu lilimpiga kama radi. Ilikuwa ni vidole. Kila asubuhi, yeye na wanafunzi wake walitoka kwenye chumba cha maiti, wakanawa mikono kwa sabuni ya kawaida huku harufu ikibaki, kiisha wakaenda kuwapima wamama wanaozaa. Wanafunzi wa ukunga katika Kliniki ya Pili hawakupasua maiti.

Sasa kila kitu kilieleweka. Aliyezalia barabarani hakupimwa na mtu. Aliyechukua siku mbili alipimwa na wanafunzi wengi, mmoja baada ya mwingine.

Semmelweis aliona pia jambo lililomuumiza zaidi. Kwa sababu alipenda sana kupasua maiti, na alikuwa akifanya hivyo kila siku kabla ya kwenda kwa wagonjwa, yeye mwenyewe alikuwa amewapeleka wamama wengi kaburini kabla ya wakati wao. Hakulificha hilo. Baadaye aliliandika wazi katika kitabu chake, akisema kwamba idadi yao Mungu peke yake ndiye anayeijua.

Beseni la klori mlangoni

Katikati ya mwezi wa tano mwaka wa 1847, aliweka beseni la maji ya klori kwenye mlango wa Kliniki ya Kwanza. Yeyote aliyetoka kwenye chumba cha maiti alipaswa kusugua mikono humo mpaka harufu ya maiti iishe. Kwa kuwa dawa ya kwanza ilikuwa na bei kali, aliibadilisha na unga wa chokaa yenye klori, uliokuwa wa bei nafuu. Wanafunzi walinung'unika. Klori ilikausha na kuunguza ngozi.

Mwezi wa nne wa mwaka huo, kabla ya beseni, walikufa wamama 57 kati ya 312. Ni zaidi ya 18 kwa mia. Mwezi wa sita, beseni likiwa mahali pake, walikufa 6 kati ya 268. Mwezi wa saba walikufa 3 kati ya 250.

Hata hivyo, kazi ilikuwa haijaisha. Mwezi wa kumi, mama mmoja mwenye kansa iliyooza ya tumbo la uzazi alilazwa kwenye kitanda cha kwanza katika mstari. Waganga walikuwa wamenawa klori walipoingia, lakini baada ya kumpima yeye walinawa kwa sabuni tu, kiisha wakaendelea na wengine. Kati ya wamama 12 waliozaa wakati huo, 11 walikufa. Mwezi uliofuata, mgonjwa mwenye goti linalotoa usaha alileta maafa mengine kwa waliokuwa wamelala pamoja naye.

Kutokana na hayo Semmelweis alijifunza somo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Hatari haitoki kwa maiti peke yake. Inaweza kutoka kwa mgonjwa aliye hai na kwenda kwa jirani yake. Aliagiza mikono ioshwe kwa klori kati ya mgonjwa na mgonjwa, vyombo visafishwe, na wenye vidonda vinavyotoa usaha watengwe.

Mwaka wa 1848, Kliniki ya Kwanza ilipokea wamama 3556, wakafa 45. Kliniki ya Pili ilipokea 3219, wakafa 43. Tofauti iliyokuwa imeleta kilio kwa miaka mingi ilikuwa imekwisha. Katika miezi miwili ya mwaka huo, hakuna mama hata mmoja aliyekufa kwa homa ya uzazi katika Kliniki ya Kwanza.

Ukweli usioandikwa

Mtu angefikiri kwamba Ulaya nzima ingekimbilia beseni la klori. Haikuwa hivyo.

Sababu zilikuwa nyingi. Mikrobi hazikuwa zimejulikana bado, na Semmelweis hakuweza kuonyesha chembe hizo kwa macho. Waganga waliona kwamba wanatukanwa: mtu mwenye heshima, mwenye shahada, anawezaje kuambiwa kwamba mikono yake ni michafu na inaua? Semmelweis pia alidai kwamba karibu kila homa ya uzazi ina sababu hiyo moja, wakati mafundisho ya siku zile yalisema ugonjwa huo una sababu nyingi. Profesa Klein, mkubwa wake, hakupendezwa na mambo hayo mapya. Halafu mwaka wa 1848 mapinduzi yalizuka Vienna na Hungaria, na siasa ikaingia hata hospitalini.

Lakini kuna kosa moja lililokuwa la Semmelweis mwenyewe. Hakuandika. Hebra na Skoda ndio waliotangaza kazi yake katika magazeti ya udaktari na mikutano, huku yeye akinyamaza miaka na miaka. Kwa hiyo waganga wengi wa nchi za nje walisikia nusu ya habari. Walielewa kwamba hatari inatoka kwa maiti tu. Wale ambao hawakupasua maiti walisema jambo hilo haliwahusu.

Kulikuwa na wengine waliokwisha kusema jambo la karibu na lake. Alexander Gordon, huko Aberdeen nchini Scotland, aliandika mwaka wa 1795 kwamba waganga na wakunga wanabeba homa ya uzazi kutoka nyumba hadi nyumba. Oliver Wendell Holmes aliandika hivyo hivyo nchini Marekani mwaka wa 1843. Wote wawili walipingwa vikali. Kilichomtofautisha Semmelweis ni kwamba alihesabu, akabadilisha jambo moja, kiisha akahesabu tena.

Kuna mganga mmoja aliyemwamini haraka, na imani hiyo ilimgharimu. Gustav Adolf Michaelis, mkubwa wa materniti ya Kiel huko Ujerumani, alianzisha klori kwake na kuona vifo vikipungua. Ndipo akakumbuka kwamba binamu yake mwenyewe alikufa kwa homa ya uzazi baada ya kupimwa naye. Mwaka wa 1848 alijitupa chini ya gari la moshi. Kisa hicho kinaonyesha uzito wa jambo ambalo Semmelweis alikuwa akiwaomba waganga walikubali.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1849, mkataba wake uliisha na haukufanywa upya. Alipigania nafasi ya kufundisha, na mwaka uliofuata akapewa ruhusa ya kufundisha kwa kutumia sanamu tu, si kwa wagonjwa. Aliona ni dharau. Ndani ya siku chache aliondoka Vienna bila hata kuwaaga rafiki zake waliomtetea.

Kurudi nyumbani

Huko Pest, katika hospitali ya Mtakatifu Rochus, alikuta materniti ndogo iliyosimamiwa na daktari wa upasuaji. Daktari huyo alitoka kwa wagonjwa wenye vidonda na kwenye maiti, kiisha akaja kwa wamama. Semmelweis alikubali kuiongoza mwaka wa 1851 bila mshahara. Katika miaka iliyofuata, hadi mwaka wa 1855, walizaa humo wamama 933, na 8 tu walikufa kwa homa ya uzazi. Hawafiki hata mmoja kwa mia.

Mwaka wa 1855 aliteuliwa profesa wa uzazi katika chuo kikuu cha Pest. Hapo alikuta adui mwingine: mashuka machafu, yaliyorudi kutoka kwa mfuaji yangali na damu na usaha. Aligombana na wakubwa wa utawala waliotaka kupunguza gharama. Mwaka wa 1857 alimwoa Maria Weidenhofer. Walizaa watoto watano, na wawili kati yao walikufa wakiwa wachanga sana.

Kitabu chake kikubwa kuhusu homa ya uzazi, sababu zake na namna ya kuizuia, kilitoka na tarehe ya mwaka wa 1861, yaani miaka 14 baada ya beseni la kwanza. Kilikuwa kizito, kimejaa majedwali ya hesabu na maneno makali dhidi ya wapinzani. Wengi walikipinga, kati yao Rudolf Virchow wa Berlin, mganga aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote huko Ujerumani.

Ndipo Semmelweis akapoteza uvumilivu. Alianza kuandika barua za wazi kwa maprofesa mashuhuri wa uzazi, akiwaita wauaji mbele ya dunia nzima. Kila mama aliyekufa ambaye angeweza kuokolewa na beseni la klori alikuwa kwake ni mtu aliyeuawa. Barua hizo zilimwongezea maadui, na hata waliokuwa tayari kumsikiliza wakarudi nyuma.

Majuma mawili ya mwisho

Kufikia mwaka wa 1865, tabia yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa akisahau, akikasirika bila sababu, na mazungumzo yote aliyarudisha kwenye homa ya uzazi. Waganga wa leo wametoa mawazo mengi kuhusu ugonjwa wake, bila kukubaliana.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, familia yake ilimpeleka Vienna. Hebra, rafiki wa zamani, alimpokea na kumwambia kwamba anataka kumwonyesha nyumba mpya ya wagonjwa. Semmelweis alipotambua kwamba ni nyumba ya wagonjwa wa akili, alitaka kutoka. Walinzi walimkamata, wakampiga vibaya, wakamfunga katika vazi la kuzuia mikono na kumweka katika chumba chenye giza.

Kuhusu kidonda cha mkono, wanahistoria hawasemi neno moja. Wengine wanaona kilitokana na purukushani hiyo, wengine wanasema alikuja nacho kutoka kazini. Hata hivyo mwisho ulikuwa mmoja. Mwili wake ulipasuliwa katika hospitali kuu ya Vienna, ile ile alikofanyia kazi, na ndani yake kulikutwa usaha uliosambaa, kama kwa Kolletschka, kama kwa wamama wale. Watu wachache tu walifika kwenye mazishi. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1891, mabaki yake yalirudishwa Budapest.

Siku moja tu kabla ya kifo chake, huko Glasgow nchini Scotland, Joseph Lister alimtibu mtoto aliyevunjika mguu kwa kufunika kidonda na dawa ya kuua mikrobi. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa upasuaji salama. Mwaka wa 1879, mbele ya waganga wa Paris, Louis Pasteur alichora ubaoni umbo la streptokoki, mikrobi aliyoikuta kwa wamama wenye homa ya uzazi. Zile chembe ambazo Semmelweis hakuweza kuzionyesha zilikuwa zimepata sura. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kina jina lake, na nyumba alimozaliwa imekuwa makumbusho ya historia ya udaktari.

Swali lake bado liko hospitalini

Maambukizi ya damu yanayopatikana hospitalini hayajaisha. Mikrobi zimebadilika, na milango ya kuingilia imeongezeka. Sindano ya serumu inayobaki siku nyingi katika mshipa, mrija wa mkojo unaosahauliwa, mashine ya kupumulia, jeraha la upasuaji: kila kimoja ni njia ya kufika katika damu.

Wanaokaribia zaidi kufa ni watoto wachanga, wazee, na wale wenye ugonjwa mwingine kama kisukari, kansa au figo. Hatari inaongezeka kwa anayekaa hospitali muda mrefu, kwa anayepata mikrobi iliyozoea antibiotiki, na kwa yule ambaye dawa inayofaa inachelewa kumfikia.

Mengi katika orodha hiyo hayawezi kuondolewa kwa siku moja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati atabaki dhaifu, na mzee atabaki mzee. Lakini kuna sehemu iliyo mikononi mwa watu: kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kutoa mrija usio na kazi tena, kutotumia antibiotiki ovyo. Na pia kuhesabu. Bila daftari zilizoandikwa vizuri, Semmelweis asingegundua kitu, kwani zilizomfungua macho zilikuwa ni safu mbili za namba, kila upande na idadi ya waliozaa na waliokufa.

Sisi Wakongomani tumelipa ili kujua hilo. Mwaka wa 1976, katika hospitali ya Yambuku, Ebola ilisambaa kwa njia ya sindano zilizotumiwa kwa mgonjwa zaidi ya mmoja bila kuchemshwa ipasavyo. Waliokuwa wakidunga sindano hizo walitaka kuponya, kama wanafunzi wa Vienna walivyotaka. Nia njema haikuzuia kitu katika sehemu hizo mbili.

Ndoo nyingi za klori ziliondolewa milangoni baada ya Ebola kutangazwa kwisha. Katika materniti, kazi ya ndoo hiyo haina tarehe ya kwisha. Mama anayeingia kuzaa usiku huu hana namna ya kujua mkono utakaompima umetoka wapi. Mwenye mkono ndiye anayejua.